Rais Alitangulia, Kura Ikafuata



Mada niliyopewa ni uchaguzi wa kwanza wa rais katika taifa changa. Anayeisikia mada hiyo siku hizi mawazo yake huenda Juba. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na kwa zaidi ya miaka kumi siku ya kumchagua rais wa nchi huru ikawa inasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka ikatajwa Desemba 2026. Wapo Wakenya wanaowacheka jirani zetu kwa hilo. Wanaocheka wamesahau hesabu ya nyumbani. Kenya iligeuka kuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Kura ya kwanza iliyompa mwananchi wa kawaida nafasi ya kumchagua rais kati ya watu zaidi ya mmoja ilipigwa Jumanne, tarehe 29 Desemba 1992. Miaka 28 hiyo. Mtoto aliyezaliwa Kapkatet siku ile ya Jamhuri alikuwa mtu mzima, pengine ana watoto wanaosoma, alipokabidhiwa kwa mara ya kwanza karatasi yenye majina ya watu wanaogombea urais.

Jioni hii nitadai kwamba kuchelewa huko kulilipiwa, na kwamba sehemu kubwa ya malipo ilitozwa hapa kwetu, kwenye mashamba ya chai na mipakani mwake. Nitadai pia kwamba siku ya kura ni siku fupi sana. Uchaguzi wa rais huamuliwa mapema zaidi, siku mtu anapoandikwa au anapokataliwa kuandikwa katika daftari la wapiga kura, na siku anapoambiwa ni wapi hasa kwao.

Tuanze na namna rais wa kwanza alivyopatikana. Mwezi wa Mei 1963 watu walipiga kura kuchagua wabunge, maseneta na wajumbe wa mabaraza ya majimbo. Chama cha KANU kikashinda, na tarehe 1 Juni Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Hapa Kericho wengi walikuwa na KADU, chama kilichoundwa Ngong mwaka 1960 na viongozi waliohofia kumezwa na jamii kubwa: Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, na Taita arap Towett wetu. KADU walitaka serikali za majimbo, na ukiondoa maneno mengi ya katiba, walichotaka majimbo yashike ni ardhi. Nani anaruhusiwa kupewa shamba wapi, na nani anayetoa ruhusa.

Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ikajivunja, wabunge wake wakavuka ukumbi. Mwezi mmoja baadaye marekebisho ya katiba yakaifanya nchi kuwa jamhuri, na ndani yake mkawa na kifungu kilichosema kwamba aliyekuwa Waziri Mkuu ndiye atakayekuwa Rais. Kifungu kimoja, kazi kwisha. Hakuna aliyepanga foleni, hakuna aliyechovya kidole kwenye wino. Sisemi kwamba Kenyatta angeshindwa. Nadhani angeshinda, na kwa kura nyingi. Lakini kushinda uchaguzi na kutangazwa na sheria ni mambo mawili, na tofauti yake huijui siku ile. Utaijua siku ya kumbadilisha mtu.

Sheria hiyohiyo iliweka utaratibu wa siku za mbele ambao ni wa ajabu kidogo, na hautajwi shuleni. Kila mgombea ubunge angetaja mgombea urais anayemuunga mkono, na karatasi ya kura ingewafunga wawili hao pamoja. Mpiga kura wa Belgut asingeweza kumtaka mbunge huyu na rais yule. Utaratibu huo haukutumika hata mara moja. Mwaka 1968 uliondolewa, ikaandikwa kwamba rais atachaguliwa na wananchi moja kwa moja, mradi ameteuliwa na chama cha siasa. Kwenye karatasi tukawa na haki kamili. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Oktoba 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu, chama pekee cha upinzani, KPU cha Oginga Odinga, kikapigwa marufuku. Desemba ya mwaka huo Kenyatta akapita bila kupingwa. Akapita tena 1974. Moi naye, baada ya kifo cha Kenyatta Agosti 1978, akatangazwa bila kupingwa, kisha hivyohivyo 1979, 1983 na 1988. Miaka yote hiyo tulikuwa na sheria ya kumchagua rais na hatukuwa na kura ya kumchagua.

Majirani walifanyaje? Tanganyika, kabla ya kuwa jamhuri Desemba 1962, iliwaita wananchi wake tarehe 1 Novemba wachague kati ya Julius Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa chama cha African National Congress. Nyerere alizoa zaidi ya asilimia 98. Mtemvu alipata kura 21,000 na ushei. Mtu atasema hayo hayakuwa mashindano, na nitakubaliana naye. Hata hivyo mkulima wa chai wa Tukuyu alishika karatasi yenye majina mawili, akajua kwa mkono wake mwenyewe kwamba cheo kile kinaombwa. Muda si muda mlango ukafungwa kwa mfumo wa chama kimoja, lakini ulikuwa umeonekana ni mlango. Uganda walimpata rais wao wa kwanza, Kabaka Mutesa, kwa kura ya Bunge mwaka 1963, na raia wao hawakumchagua rais moja kwa moja mpaka Mei 1996. Kwa hiyo hatukuwa wa mwisho katika ujirani huu.

Sasa kuna kosa ambalo vijana hulifanya, la kudhani kwamba enzi ya chama kimoja watu walikuwa wamelala. Hawakuwa wamelala hata kidogo. Kura za ubunge zilikuwa moto. Mawaziri waliangushwa. Towett mwenyewe, waziri na msomi aliyepata shahada ya uzamivu katika isimu huku akiwa serikalini, aliangushwa Bureti mwaka 1979. Watu wa huku walijua sana kumhukumu mbunge: barabara ya kupitishia majani iko wapi, zahanati iko wapi, mtoto wetu amepata kazi kiwandani au hakupata. Ni cheo kimoja tu ambacho hawakuruhusiwa kukigusa. Na kwa kuwa hakikugusika, hapakuwa na haja ya kuogopa kura ya jirani. Jirani anayetoka Kisii au Siaya, anayekaa kwenye laini za nyumba za kampuni na kuchuma chai, akimchagua mbunge tofauti na wako, mtaudhiana wiki mbili. Mambo hayafiki mbali.

Halafu ukaja mlolongo. Naona wazee wameanza kutabasamu. Wanafunzi, niwaeleze. Februari 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, kura ya siri iliwekwa kando. Wenye kadi za chama walikusanyika uwanjani, kila mgombea au wakala wake akasimama mbele na picha imeinuliwa juu, na watu wakajipanga nyuma ya wamtakaye. Afisa alipita akihesabu vichwa. Mgombea akipata zaidi ya asilimia 70 ya waliojipanga, amekwisha kuwa mbunge. Hapakuwa tena na kura ya siri kwake mwezi wa Machi. Nchi nzima kulikuwa na milolongo mifupi iliyotangazwa kuwa mirefu, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu waliokuwa wamesimama ndani yake. Mahali penye mashamba makubwa jambo hili lina uzito wake. Mchuma chai anaishi katika nyumba ya mwajiri, majani yake yanapimwa na mtu wa mwajiri, na kesho asubuhi mnyapara ndiye anayemgawia mstari wa kuchuma. Mpe mtu huyo kura ya wazi, halafu msimamishe mnyapara katika mlolongo wa pili, hatua tano kutoka kwake, akimtazama. Hapo mtakuwa mmempa nini?

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu suala la nani ahesabiwe halikuanza na KANU. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, walioandikishwa walikuwa takriban 126,000 tu katika koloni zima. Walter Coutts, afisa wa serikali aliyepanga masharti, alitaka mpiga kura awe na sifa: elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 120 kwa mwaka, au mali ya pauni 500, au utumishi wa miaka mingi, au umri. Mwenye sifa kadhaa alipewa kura zaidi ya moja, hadi tatu. Mwalimu mwenye ng'ombe na akiba angeweza kuwa na kura tatu, na mchuma chai wa kampuni ya Brooke Bond au ya James Finlay asiwe na hata moja, maana mshahara wake haukuukaribia mlango wa pauni 120. Mwaka 1958 viti vya Waafrika vilipoongezwa kutoka 8 hadi 14, Towett aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa mpango huohuo. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya nchi hii ya chai katika baraza la Nairobi ilichaguliwa bila ya mtu aliyebeba kikapu mgongoni.

Na msidhani mpango wa Coutts umekufa. Wakulima wadogo wa viwanda vya chai vya KTDA, kuanzia Litein na Tegat mpaka Kapkoros na Mogogosiek, wamebishana miaka mingi kuhusu kura ya wakurugenzi: ihesabiwe kwa hisa na wingi wa majani, au kila mkulima awe na kura moja? Mwaka 2021 serikali iliagiza kura moja kwa kila mkulima, na ubishi ukafika mahakamani. Nimewasikia watu wanaoapa kwa jina la demokrasia kila Agosti ya uchaguzi wakieleza, bila kuona haya, kwamba si haki mwenye vichaka mia tano alingane na mwenye vichaka elfu ishirini. Coutts angewaelewa vizuri.

Mwaka 1963 masharti ya mali na elimu yalikwisha, kila mtu mzima wa miaka 21 akawa mpiga kura, na 1974 umri ukateremshwa hadi 18. Wachuma chai wakaingia daftarini kwa wingi. Lakini tazameni ramani waliyoingia nayo. Kericho wakati wa ukoloni ilikuwa katika Mkoa wa Nyanza, pamoja na Kisii na Kisumu. Tume ya mipaka ya mwaka 1962 iliwahamisha Wakipsigis hadi Bonde la Ufa. Kwa hiyo mtu aliyetoka Nyamira kuja kuchuma chai Kericho mwaka 1955 alikuwa anazunguka ndani ya mkoa wake mwenyewe. Mwaka 1965, akiwa kwenye nyumba ileile ya laini, akichuma vichaka vilevile, alikuwa mgeni kutoka mkoa wa pili. Hakuhama yeye. Mpaka ndio uliohama.

Chini ya ramani kulikuwa na deni la zamani zaidi. Ardhi ya mashamba haya ilichukuliwa kutoka kwa Wakipsigis na serikali ya kikoloni, kampuni zikapanda chai kuanzia miaka ya 1920, na ukoo wa Talai, wenye mamlaka ya kiroho, ukahamishwa mwaka 1934 hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Vibarua kutoka nje waliletwa juu ya jeraha hilo. Hawakuwa walioiba ardhi, walikuwa wanatafuta mshahara. Lakini walionekana kila siku, na kampuni yenye makao Uingereza haikuonekana. Binadamu humkasirikia anayemwona.

Basi tarehe 3 Desemba 1991, katika mkutano wa wajumbe wa KANU huko Kasarani, Moi alikubali kifungu cha 2A, kilicholazimisha chama kimoja tangu 1982, kiondolewe. Bunge lililokifuta siku chache baadaye liliongozwa na Spika Jonathan Ng'eno, mtoto wa Bureti. Cheo kisichogusika sasa kingeguswa. Na hapo kura ya jirani ikapata bei ambayo haikuwa nayo kabla.

Kabla hata ya Kasarani, Septemba 1991, mikutano ya kudai majimbo ilikuwa imefanyika Kapsabet na hapa Kapkatet. Majukwaani yakatoka maneno ya kuwaambia "wageni" warudi kwao ikiwa hawataiheshimu siasa ya wenyeji. Ikawa ni siku za neno madoadoa, yaani wageni kama madoa ya kusafishwa, neno ambalo wengi wenu mlilisikia tena baadaye. Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yakaanza katika shamba la Meteitei, Tinderet, wilaya ya Nandi, yakasambaa hadi mpaka wa Kericho na Kisumu upande wa Sondu, na hadi mpaka wa Sotik na Borabu. Nyumba zilichomwa pande zote mbili za mipaka hiyo. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilichunguza mwaka 1992, na baadaye tume ya Jaji Akiwumi ikazunguka tena, na ripoti yake ikakaa kabatini hadi 2002. Sitarudia majina yaliyomo. Ninataka mtazame kitu kidogo ambacho ripoti za vifo hukipita upesi: karatasi.

Mtu anayekimbia usiku hachukui sanduku la bati. Ndani ya sanduku hilo kuna kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, na risiti za mbegu. Kuandikisha wapiga kura kulifanyika katikati ya mwaka 1992, na bila kitambulisho huandikwi. Aliyekuwa amekwisha kuandikwa Sotik, na sasa amelala kwa shemeji yake Keroka, hawezi kupiga kura Keroka, kwa sababu jina liko Sotik. Kumrudisha Sotik siku ya kura ni kumrudisha alikofukuzwa. Kwa hiyo hakuzuiwa na mtu yeyote kituoni. Hakufika tu.

Sheria mpya ya 1992 ilizidisha uzito wa jambo hili. Ilisema mshindi wa urais lazima, pamoja na kuongoza kwa kura nyingi, apate robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Ilisemekana kwamba lengo ni rais wa kitaifa, na huenda wapo waliolenga hivyo kwa moyo safi. Lakini piga hesabu. Kanuni ya robo inafanya wachache wa kila mkoa kuwa na maana kubwa. Wapiga kura waliohamia Bonde la Ufa kutoka Kati, Magharibi na Nyanza ndio hasa waliokuwa na uwezo wa kumpa mgombea wa upinzani robo yake katika mkoa huu. Wakiwepo, mkoa una mashindano. Wakiondoka, mkoa umefungwa. Kanuni iliyokusudiwa kumlazimisha mgombea awabembeleze wachache ilimpa mtu mbaya sababu ya kuwahamisha.

Siku ikafika. Tarehe 29 Desemba ni siku nne baada ya Krismasi, na kila anayeijua Kericho anajua Desemba huwaje hapa: stendi imejaa, mabasi ya kwenda Kisii, Oyugis, Kakamega na Busia yanapakia mpaka juu, na laini za mashambani zinabaki na wachache. Mchuma chai aliyeandikwa hapa akaenda kula Krismasi kwa mama yake alipaswa kurudi kabla ya Jumanne asubuhi, kupitia mipaka ambako watu walikuwa wamechinjana mwaka huohuo. Wangapi walirudi? Wewe ungerudi?

Masanduku yalipofunguliwa Moi alikuwa na kura 1,962,866, karibu asilimia 36. Kenneth Matiba wa FORD-Asili alimfuata kwa asilimia 26, Mwai Kibaki wa DP asilimia 19, na Oginga Odinga wa FORD-Kenya asilimia 17. Wagombea wote walikuwa wanane. Wanne waliobaki waligawana makombo. Karibu thuluthi mbili ya waliopiga kura hawakumtaka aliyeshinda, na upinzani uliogawanyika hauna wa kumlaumu kwa hilo ila wenyewe. Robo za Moi zilipatikana katika mikoa mitano kamili: Bonde la Ufa, Pwani, Mashariki, Kaskazini Mashariki na Magharibi. Mitano, bila wa akiba. Katika Bonde la Ufa alipata takriban thuluthi mbili ya kura, na hakuna mpinzani aliyefikia robo hapo. Viti zaidi ya kumi vya ubunge, vingi vyake katika mkoa huu, vilikuwa vimechukuliwa na KANU bila kupingwa, baadhi kwa sababu waliotaka kupinga hawakufikisha karatasi zao kwa msimamizi.

Kericho na Bomet, ambayo ilikuwa imemegwa kuwa wilaya mwaka huohuo, zilimpa Moi karibu kura zote. Hilo halinishangazi wala silionei aibu kwa niaba ya mtu. Wengi walimpenda kwa dhati. Barabara zilijengwa, shule zilijengwa, na mtu kumchagua anayemwona kuwa wake ni jambo la kawaida duniani. Ninachosema ni kwamba hawakupata nafasi ya kumsikia mwingine. Mwaka ule mgombea wa upinzani hakuweza kusimama sokoni Bomet akaeleza sera yake kuhusu bei ya majani mabichi, kisha wazee wakamuuliza maswali na kumzomea ikibidi. Uchaguzi wa kwanza wa rais wa Kenya ulifanyika nchini, na nchi ya chai ikaupigia kura bila kuuona ukifanyika.

Mtaniambia mambo yamebadilika, na kweli yamebadilika. Mwaka 2002 kura za huku zilikwenda kwa Uhuru Kenyatta wa KANU, akashindwa. 2007 zikaenda kwa Raila Odinga na chama chake cha chungwa, na hapo watu wa Kericho na wa Kisumu, waliotazamana kwa hofu 1992, walijikuta upande mmoja. Nalitaja hili kwa wale wanaosema chuki ya makabila ni ya damu. Damu gani hiyo inayobadilika kila muungano mpya ukitangazwa? Lakini matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, walioshambuliwa ndani ya mashamba ya chai walikuwa tena vibarua waliodhaniwa wamempigia kura mgombea mwingine, Wakisii wakiwa wengi wao. Ulinzi wa siri ya kura haukuwasaidia, maana hakuna aliyeuliza walivyopiga, waliangaliwa majina. Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, akauawa kwa risasi Eldoret. Juni mwaka huo Kipkalya Kones wa Bomet na Lorna Laboso wa Sotik wakafa katika ajali ya ndege wakiwa safarini kuja kwenye uchaguzi mdogo wa kuziba pengo lake. Katika miezi sita wapiga kura wa huku walikuwa wamepoteza wabunge watatu.

Katiba ya 2010 imeondoa mikoa. Mshindi sasa anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote na robo katika kaunti 24 kati ya 47, na kura inahesabiwa kituoni palepale na matokeo kubandikwa mlangoni. Tume ya uchaguzi haibebi tena masanduku usiku kucha kwenye barabara za utelezi. Uchaguzi umehamishiwa Jumanne ya pili ya Agosti, mbali na Krismasi. Haya ni mageuzi ya maana, na sitaki kuyadharau.

Hata hivyo tazameni kura za huku. Ugavana ni vita ya kweli: Bomet walimwondoa Isaac Ruto mwaka 2017 wakamchagua Joyce Laboso, mmoja wa wanawake wa kwanza kuwa gavana nchini, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini ukipanda ngazi moja, kwenye urais, kura zote huingia kapu moja. Mwaka 2022 William Ruto alipata zaidi ya kura tisa katika kila kumi katika kaunti za Kericho na Bomet. Mtu yuleyule anayehoji kila senti ya bonasi ya chai, anayejua kilo ngapi zilipotea kwenye mizani ya kituo cha kununulia majani, anafika kwenye karatasi ya rais na maswali yake yote ameyaacha nje. Mimi nadhani ni mazoea ya miaka 28. Cheo kilichotolewa kwa kifungu cha sheria, kikapitishwa bila kupingwa mara sita, hakiwi kitu cha kuhojiwa kwa sababu tu majina yameongezeka kwenye karatasi.

Na daftari linabadilika tena huku tukiwa tumekaa hapa. James Finlay iliuza mashamba yake ya Kericho kwa Browns wa Sri Lanka mwaka 2023, na mashamba yaliyokuwa ya Unilever nayo yakafuata njia hiyo. Mashine za kuchuma chai zimeingia. Mei 2023 ziliteketezwa moto, na bado zinaendelea kuja. Mashine haina kitambulisho. Kila inapochukua mstari wa wachumaji, nyumba kadhaa za laini zinafungwa, na majina yaliyoandikwa katika shule ya shambani yanabaki daftarini bila wenyewe. Mwaka 2027 tutaona vituo vyenye orodha ndefu na foleni fupi. Wanasiasa watasema watu wamekata tamaa. Wengine watakuwa wamehama tu, wako Nyamira au Vihiga, kadi inasema Belgut, nauli hakuna.

Kuhamisha jina kutoka kituo hadi kituo kunawezekana kisheria, na kunapaswa kufanywa mapema, mtu akiwa bado na kazi na nauli, kabla laini hazijafungwa. Ningeiomba tume ya uchaguzi ifanye hivyo mashambani, siku ya malipo, mahali watu wanapopokea pesa zao. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho kimekuwapo tangu 1963 na ambamo Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya wamekuwa wakichaguana bila kuchomeana nyumba, kinaweza kusimamia meza hiyo pamoja na tume.

Nimesema ya kwangu. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wale wazee wawili wa nyuma walioanza kubishana nilipotaja mlolongo wa 1988. Mmoja wenu, kama sikosei, alikuwa amesimama katika ule mfupi.